Nafasi za utafiti wa maabara likizo ndefu: anza kwa kuuliza nani analipa

Kila mwaka ikifika mwezi wa nne hivi maswali ni yale yale, wanafunzi wa sayansi wa TUM (Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kule Tudor), wa Chuo Kikuu cha Pwani, na wale wanaosoma Nairobi na wanarudi nyumbani Mombasa likizoni, wote wanauliza nafasi za utafiti wa maabara za mwezi wa sita mpaka wa nane zinapatikana wapi, na majibu wanayopewa yamechanganyika vibaya sana. Mmoja anatumiwa linki ya Marekani, mwengine anaambiwa achukue barua ya chuo azunguke nayo ofisi za bandarini, mwengine anaambiwa hizo ni nafasi za watoto wa wakubwa asijisumbue. Nataka nilifungue hili jambo polepole manake naona watu wenye akili nzuri kabisa wanapoteza mwaka mzima kwa kugonga milango ambayo kisheria haiwezi kufunguka kwao, na ilhali upo mlango mwengine safari ya matatu moja tu kutoka nyumbani.

Kwanza tuelewane, hapa kuna vitu vinne tofauti ambavyo watu wanavitia kapu moja. Kuna atachi, ile ya lazima iliyo ndani ya kozi yako, wiki nane mpaka kumi na mbili hivi, unapewa logibuku, supavaiza wa chuo anakuja kukutembelea, na mwisho unapata maksi. Kuna intanshipu ambayo kwa taasisi nyingi hapa Kenya ni ya mtu aliyeshamaliza digrii, kwa hivyo mwanafunzi wa mwaka wa pili akiomba hata haisomwi. Kuna projekti yako ya mwaka wa mwisho, hii ni swali lako mwenyewe unalijibu chini ya lekchara wako. Alafu kuna hizi programu za majira ya joto za ng'ambo, ambapo chuo au taasisi inachukua wanafunzi wa digrii ya kwanza wiki nane mpaka kumi hivi wakati madarasa yamefungwa, kila mmoja anapewa mtafiti wa kumsimamia na kipande kidogo cha utafiti cha kushika, na mwisho anasimama mbele ya watu anaeleza alichopata.

Vitu hivi vinatofautiana kwa sababu moja, na ukiielewa hio sababu mengine yote yanajipanga yenyewe: nani analipa. Sio wewe unalipwa ngapi, la, nani anatoa pesa za dawa, za mashine, za muda wa yule mtu anayekufundisha. Mwenye pesa ndie anaeamua nani aingie, aingie lini, na akae muda gani.

Chukua REU za Marekani, programu za utafiti za wanafunzi wa digrii ya kwanza, ambazo linki zake ndio zinazunguka zaidi. Hizi zinalipiwa na National Science Foundation, shirika la serikali yao, na zimekuwepo tangu 1987. Kawaida kituo kimoja kinachukua kama wanafunzi kumi, wanapewa posho, mara nyingi na nyumba na nauli, na ukisoma maelezo unatamani kufungasha nguo siku hio hio. Lakini pesa ni za mlipa kodi wa Marekani, kwa hivyo masharti yanasema anayelipwa kwa fungu hilo awe raia wa Marekani au mkaazi wa kudumu wa kule. Basi. Uwe na A tupu, uwe umeandika barua inayowaliza watu, mwanafunzi wa Tudor mwenye pasipoti ya Kenya hapiti. Si ubaguzi wa profesa, profesa mwenyewe hana uwezo wa kuupindisha huo mstari hata akikupenda vipi. Ujerumani nao wana RISE, inalipiwa na DAAD, shirika lao la skolashipu na kubadilishana wanafunzi, ni nzuri sana, na ni ya wanafunzi walioko vyuo vya Marekani, Kanada, Uingereza na Ireland. Jina la DAAD watu wanalijua hapa Kenya kwa sababu ya skolashipu za masters, kwa hivyo mtu anadhani na hii pia imo, kumbe fungu ni lengine kabisa.

Kwa hivyo ukipata linki yoyote usianze kusoma habari za posho wala picha za milima yenye theluji. Shuka moja kwa moja mpaka pale wanapotaja nani anaruhusiwa kuomba. Kama uraia umetajwa na Kenya haimo, funga, endelea na maisha yako.

Sasa kuna taasisi ambazo mwenye pesa anataka watu kutoka kila mahali, na hizi nasikitika sana kwamba hazizungumzwi vya kutosha hapa pwani. KAUST ni chuo kikuu cha sayansi kilicho Thuwal, Saudi Arabia, kando ya Bahari ya Shamu, na ina watu wanaosoma matumbawe na viumbe vya bahari ya joto, yaani bahari isiyo ngeni kwetu. Programu yao ya wanafunzi wageni inaitwa VSRP, ni ya miezi mitatu mpaka sita, na kwa miaka mingi wamekuwa wakitoa dola 1,000 kwa mwezi pamoja na malazi, bima na tiketi ya ndege. Wanataka maksi za juu, hilo wanalisema wazi. Japani kuna OIST, chuo cha utafiti kisiwani Okinawa, nako pia kuna sayansi ya bahari pamoja na fizikia, bayolojia ya seli, mambo ya ubongo, wanachukua wanafunzi wa nchi zote hasa walio miaka ya mwisho ya digrii, wanagharamia tiketi na nyumba na kukupa posho ya kila siku. Austria kuna ISTA, taasisi ya utafiti pale Klosterneuburg karibu na Vienna, programu yao ya kiangazi inaitwa ISTernship, wiki nane mpaka kumi na mbili, uraia wowote. Na kwa watu wa fizikia, kompyuta na uhandisi kuna CERN, kituo cha utafiti wa chembe za atomu kule Geneva, ambao wana mlango maalum wa nchi zisizo wanachama, Kenya ikiwemo, ila uwe umekamilisha angalau miaka mitatu ya chuo kabla ya kiangazi hicho kuanza. Viwango vya pesa na tarehe hubadilika kwa hivyo hakikisha kwenye tovuti yao wenyewe, sio kwenye fowadi ya WhatsApp. Na hakuna hata moja kati ya hizi nne inayotoza ada ya kuomba, mtu akikwambia utume elfu mbili kwa Mpesa ili "akushikie nafasi" KAUST huyo ni mwizi.

Kalenda nayo inatuumiza. Sisi tunaanza kuwaza likizo ndefu mitihani ikikaribia, mwezi wa tatu, wa nne, lakini CERN na ISTA huwa wanafunga maombi mwezi wa kwanza. Kisa ni pesa tena, bajeti ya mwaka inagawanywa mapema, nyumba za wageni zinahesabiwa, kila mtafiti anasema ana nafasi ya mwanafunzi mmoja au hana kabisa. Ukiandika mwezi wa tano unamuomba mtu kiti katika gari lililoondoka. Tena jumlisha viza, ya Schengen kwa kawaida ni siku 15 tangu waipokee faili lakini inaweza kufika 45, na hapo hujatafuta miadi ya Nairobi. Na pasipoti je? Kama huna, usingoje ukubaliwe ndio uanze safari za Uhuru na Kazi, kwenye ofisi ya uhamiaji ya Mombasa. Ijaze saa hii kwenye eCitizen, itakaa kwa kabati, haiozi.

Tuje nyumbani sasa, na hapa ndipo ningependa watu wakae zaidi.

KMFRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi, iko Mkomani, ukivuka daraja la Nyali tu, na KEMRI, ile ya utafiti wa tiba, ina kituo chake kikubwa cha Kilifi, kando ya hospitali ya kaunti, kwa ushirikiano na Wellcome Trust, shirika la Uingereza linalofadhili utafiti wa afya, tangu 1989. Taasisi hizi mbili zote ziliundwa 1979. Pale Kilifi ni mojawapo ya vituo vilivyoshiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, ile ambayo WHO waliipitisha 2021 itumike kwa watoto, yaani sayansi iliyofanywa hapo barabara ya kwenda Malindi imeingia kwenye mikono ya watoto bara zima. KMFRI nao watafiti wao wameshughulika na mikoko ya Gazi, kusini mwa Mombasa, miaka mingi, na mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza 2013, ambapo wanakijiji wanauza kaboni, yaani wanalipwa kwa hewa ukaa inayohifadhiwa na mikoko, kwa kulinda hekta 117 za mikoko, umesimama juu ya vipimo vya watafiti. Nayataja haya kwa sababu mtu anaweza kukaa Kisauni miaka minne anasomea bayolojia na anaamini utafiti wa kweli uko ng'ambo, na si kweli.

Lakini hapa pia uliza, nani analipa? Mara nyingi hakuna anayekulipa wewe. Miradi ya taasisi hizi inaendeshwa kwa granti, mtafiti mkuu ameandika maombi miaka miwili nyuma akapata pesa za kujibu swali fulani, kwa miaka fulani, na kila shilingi imeandikwa inakwenda wapi. Atachi yako haimo ndani ya hio bajeti. Kwa hivyo akikukubali amejitolea muda wake na vifaa vyake, na ndio sababu anataka barua ya chuo, bima ya ajali, na uhakika kwamba utakaa miezi mitatu sio wiki tatu. Watu wanalalamika ati wanaringa. Hapana. Ngoja nikuonyeshe kwa karibu kwa nini.

Siku za mwanzo za mwanafunzi kwenye labu ya molekyula ni pipeti. Kile kitufe cha juu kina hatua mbili, ya kwanza ni ya kupimia, ya pili ni ya kutoa tone la mwisho. Mgeni akibonyeza mpaka hatua ya pili kisha akavuta dawa, amechukua zaidi ya kipimo, na kwa mikrolita 2 jicho haliwezi kuona tofauti. Sasa ile dawa inaingia kwenye PCR, njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi mpaka kionekane, mashine inapanda joto la nyuzi 95 kamba mbili za DNA zinaachana, inashuka hamsini na kitu praima, vile vipande vifupi vya kuanzishia nakala, zinashika, inapanda 72 kimeng'enya kinajenga, mizunguko 30 mpaka 35, masaa mawili yamekwenda, alafu unamimina kwenye jeli inayotenganisha vipande vya DNA uone mistari. Na kila mara kuna kichupa kimoja umeweka maji matupu badala ya DNA. Kichupa cha maji kikitoa mstari, basi kuna DNA ya mahali pengine imeingia, pengine kwa ncha ya pipeti uliyosahau kubadilisha, na kazi nzima ya siku hio haiaminiki tena, hata zile sampuli zilizotoka vizuri. Dawa zenyewe nyingi zimeagizwa nje, zimekuja kwenye barafu, zikiisha unangoja. Mtu wa kukusimamia anakaa na wewe mpaka mkono wako uaminike, na hio huchukua wiki kadhaa. Mwanafunzi wa wiki tatu anaondoka siku ile ameanza kufaa. Ndio maana wanakataa.

Kazi za bahari nazo zina mambo yake, na huko mtoto wa pwani ana faida ambayo hajui kuitaja. Vipimo vya mikoko vinafuata maji, unaingia yakiwa yametoka, na bamvua ndio inakupa nafasi ya kufika mbali, kwa hivyo ratiba ya wiki inapangwa kwa mwezi wa angani sio kwa saa ya ofisi. Unapima mzingo wa mti kwenye kimo cha mita 1.3, lakini mkoko wenyewe, ule wenye mizizi ya kusimamia kama miguu, unapimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa, na lazima umjue mkoko na mchu na mkandaa na mlilana kwa kuwatazama tu ukiwa matopeni mpaka magoti. Kama babu yako alikuwa mvuvi na wewe unajua maji mafu ni siku zipi, hilo liandike kwenye barua yako, wallahi lina uzito kuliko kuandika "mimi ni mchapakazi".

Barua yenyewe ndio pale wengi wanaanguka. Nyingi zinasema: mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, naomba nafasi ya atachi katika taasisi yako tukufu, natumai ombi langu litakubaliwa. Mtafiti anapokea nyingi kama hizo, zimetumwa kwa watu ishirini pamoja kwenye imeli moja, majina yote yanaonekana, na hakuna hata moja inayoonyesha mwandishi anajua pale wanafanya nini. Fanya hivi, ingia Google Scholar, tafuta makala kuhusu kitu unachokipenda hapa kwetu, matumbawe, kipindupindu, mbu, samaki wa kufuga, sumu ya aflatoksini kwenye mahindi, chochote. Chini ya majina ya waandishi kuna taasisi zao na mara nyingi imeli ya mwandishi mmoja. Soma hio makala, hata kama nusu hujaielewa. Alafu mwandikie yeye mmoja, kwa heshima, Daktari fulani, nimesoma kazi yenu ya nyasi bahari, pale mlipoeleza tofauti kati ya maeneo mawili sikuelewa kwa nini mlichagua msimu wa kaskazi peke yake, ninasoma bayolojia mwaka wa tatu, nimefanya praktiko za hivi na hivi, nina atachi kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane, chuo kinanipa barua na bima, ningependa kusaidia kazi yoyote mliyo nayo kipindi hicho. Itakuwa kwa Kiingereza najua, lakini maana iwe hio. Mistari kumi. Asipojibu ngoja siku kumi mkumbushe mara moja kwa upole, akinyamaza tena nenda kwa mwengine bila kinyongo.

Na usiende na mradi wako mkubwa kichwani. Sheria ya 2013 inataka anayefanya utafiti awe na leseni ya NACOSTI, tume ya serikali ya sayansi na teknolojia, na kazi yoyote inayogusa watu, hata maswali tu ya kuwauliza akina mama kliniki, inapita kamati ya maadili kwanza, na hio kamati haikimbizwi na atachi yako. Ukiingia kwenye mradi ambao tayari una vibali unaanza kazi wiki ya kwanza.

Kuna mlango mwengine ambao watu wanaupita kila siku bila kuutazama, teknishiani wa maabara ya idara yako mwenyewe. Mimi naamini huyu ndie mtu muhimu zaidi katika safari yote hii, kuliko profesa. Yeye ndie anajua otoklevu ipi (ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke) inafanya kazi, nani wa masters anahitaji mtu wa kumsaidia kuhesabu koloni, yale madoa ya bakteria kwenye sahani, na ndie atakuacha ushike pipeti jumamosi ikiwa umeonyesha adabu. Mwombe Mzee au Madam umsaidie kutayarisha midia, chakula cha kuoteshea bakteria, kabla ya praktiko za mwaka wa kwanza, uoshe vyombo, uandike lebo. Mwaka mmoja wa hivyo na lekchara wako ataweza kuandika kitu cha kweli kwenye barua ya kukupendekeza, manake kwa sasa ana darasa la watu mia na zaidi na anachojua kuhusu wewe ni namba ya usajili na gredi.

Mazungumzo ya nyumbani nayo tusiyakwepe. Miezi mitatu Kilifi ni chumba, nauli, chakula, na mzazi aliyezoea mtoto analala nyumbani, hasa akiwa msichana, atauliza atakaa na nani. Ana haki ya kuuliza. Mpe majibu kamili, jina la taasisi, barua ya kukubaliwa, namba ya supavaiza, rafiki utakaeishi naye, na kama kuna shangazi au khala Kilifi au Mtwapa mtaje mapema. Kwa dada zetu wanaovaa hijabu, sijui labu inayokataa, wanachotaka ni ncha ziingizwe ndani ya koti la maabara zisininginie karibu na moto wa banseni, lile jiko dogo la gesi la maabara, basi. Na kama pesa hazitoshi kabisa usione aibu kuchagua labu ya Mombasa yenyewe, KEBS, shirika la viwango vya bidhaa, wana maabara hapa, Mkemia wa Serikali ana ofisi hapa, ni kazi ya upimaji zaidi kuliko utafiti lakini mkono unajengeka vile vile, utajifunza kuandika namba jinsi ilivyo hata ikikuudhi.

Ukishaingia popote, andika kila kitu kwenye daftari siku ile ile, na tarehe. Daftari na data ni mali ya labu, usiondoke nazo kwa flashi wala usiposti jeli Instagram kabla hujauliza, kuna watu wamefukuzwa kwa hilo. Unachobeba ni barua. Iombe wiki ya mwisho kabla hujaondoka, mwezi wa nane, wakati anayekusimamia bado anakumbuka kwamba ulirudia kontrol, kile kichupa cha maji, mara tatu bila kuambiwa, na muulize kabisa kama atakuwa radhi kukuandikia nyengine mwezi wa kumi na mbili, kwa sababu ISTA na CERN watafunga mwezi wa kwanza na safari hii utakuwa na cha kuwaambia.